Matobolwa na Bastola Mfuko Mmoja

Kosa langu nalitaja mapema, msomaji asije akapoteza muda kuniheshimu bure: niliweka bastola na matobolwa kwenye mfuko mmoja wa suruali, nikatembea hivyo karibu miezi miwili, huku nikijiona mtu makini kuliko wote hapa mtaani.

Kwa asiyekulia huku kwetu, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama kisigino cha mchungaji. Kipande kimoja unaweza kukiweka shavuni Bariadi na ukashuka nacho Malampaka kikiwa bado kinajadiliana na meno. Tangu nipate akili mfuko wangu wa kulia umekuwa ghala la matobolwa. Na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu aliyeolewa Mkula, aliujua mfuko huo kabla hajaijua sura yangu sawasawa. Ana miaka minne sasa. Akifika anapiga magoti, ananiamkia kwa adabu zote alizofundishwa, na kabla sijamaliza kuitikia, mkono wake umeshazama mfukoni mpaka kwenye kiwiko.

Mtu mwenye mjukuu wa namna hiyo hana sababu ya kuweka silaha mfuko huo. Hilo analiona hata kuku. Mimi nina cheti cha kidato cha nne na sikuliona.

Bastola yenyewe nisingeitafuta kama ningebaki nyumbani, mahali ninapopapenda. Nina duka la pembejeo na dawa za mifugo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu. Kutoka kitandani hadi kazini ni hatua kumi na nne, na bado naziona nyingi. Safari yangu pekee ni ya kwenda Malampaka kuchukua mzigo. Katika safari moja kama hiyo vijana wawili walinisimamisha njiani wakiwa na panga. Wakachukua simu, wakachukua viatu. Kofia waliitazama, wakanirudishia. Mpaka leo sijui kama nilie kwa sababu ya viatu au kwa sababu ya kofia.

Mdogo wangu, mfanyabiashara wa ng'ombe kule Mwanhuzi, mtu anayependa kuwashauri wenzake vitu vikubwa, akasema, "Kaka, tafuta bastola. Umri huu huwezi kukimbia."

"Hata umri ule sikuweza," nikamwambia.

Mke wangu alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa. "Mtu mwenyewe hutoki nyumbani. Utakuwa unamlinda nani? Kuku?"

Basi nikaomba. Maombi yakaanzia serikali ya mtaa, yakapanda kata, yakapanda wilaya, yakalala huko, yakaamka. Nikatoa alama za vidole na picha, nikaleta barua ya kuthibitisha kwamba nina akili timamu. Barua hiyo mke wangu aliisoma mara mbili, akauliza kama aliyeisaini ananifahamu. Wajumbe wa mtaa waliopitisha jina langu waliahidi kutunza siri, na kwa mara ya kwanza tangu mtaa wetu uwe mtaa, siri ikatunzwa. Ningejua itakavyonigharimu, ningewaomba waitangaze kwenye kipaza sauti.

Aliyetufundisha sisi waombaji kutumia silaha alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa kutoka mikoa ya kusini, mwenye sauti ndogo inayokufanya unyamaze usikie. Alitueleza habari ya ala ya bastola, ambayo wengine huiita holsta, kwa muda mrefu kuliko alivyotueleza habari ya kulenga shabaha. Alisema bastola ya mfukoni isiyo na ala ni sawa na nyoka uliyemfunga kwenye leso. Ala ndiyo inayoifunika triga isiguswe na kitu chochote, na ndiyo inayoizuia bastola isigeuke mfukoni ikatazama isikotakiwa. Ngozi yake iwe ngumu, mdomo wake usijikunje. Ukichomoa bastola, ala ibaki mfukoni. Ukitaka kuirudisha, toa ala kwanza, ivalishe bastola mezani, ndipo vyote viwili viingie mfukoni pamoja.

"Usithubutu kuisukuma bastola kwenye ala iliyomo mfukoni," alisema, "labda kama una mguu wa akiba."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Na mfuko wa bastola ni wa bastola. Si wa funguo. Si wa sarafu. Si wa kiberiti, si wa ugoro."

Matobolwa hakuyataja. Kwao nadhani hayapo. Nililishika hilo kama wakili anavyoshika neno lililosahauliwa kwenye mkataba, nikarudi nyumbani nimefaulu.

Sasa ala. Niliambiwa zipo za kununua mjini Mwanza. Mwanza ni mbali na nyumbani kwangu, na chochote kilicho mbali na nyumbani kwangu huwa nakitafutia mbadala. Nikaenda kwa fundi viatu wa hapa karibu na stendi, mtu anayeijua ngozi ya ng'ombe kama aliyezaliwa ndani yake. Lakini ningemwambiaje kwamba nataka ala ya bastola? Silaha ni siri. Nikachora umbo lake kwenye kipande cha boksi, nikamwambia ni kwa ajili ya bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe, lile lenye mpini na kifyatulio, ambalo ukilitazama haraka utadhani ni bastola. Nikajiona nina akili nyingi mno.

Fundi akaligeuzageuza lile boksi. "Bomba dogo hili."

"Ni la ndama."

Siku ya tatu nikaenda kuchukua. Kazi safi, ngozi ngumu, uzi umelala sawasawa. Ila pembeni, pale pale penye triga, palikuwa na tundu la duara la kutosha kupitisha kidole.

"Hilo ni la nini?"

"Nimekuongezea, baba," akasema kwa furaha ya mtu aliyefanya zaidi ya alichoagizwa. "Hapo unapitisha kidole moja kwa moja. Ng'ombe wakiwa wengi zizini hutahangaika kulichomoa bomba. Unachoma tu."

Ulikuwa wakati mzuri wa kusema ukweli. Nikamshukuru. Nikamwambia watu wabunifu kama yeye ni wachache. Nikaenda nyumbani na ala pekee, naamini, iliyotengenezwa kwa makusudi ya kumwezesha mtu kujipiga risasi ya paja bila usumbufu. Nikajisemea mfuko wenyewe ni kitambaa, nao utaziba lile tundu. Kitu gani kitapita humo?

Nikaanza kutembea na silaha. Nasema kutembea, ingawa nilichofanya ni kuibeba kutoka sebuleni kwenda dukani na kuirudisha. Kubeba bastola mfukoni ni kama kubeba yai: akili yote inahamia huko. Kila baada ya dakika mbili mkono wangu ulishuka kuhakikisha kwamba ipo, kana kwamba ingeweza kwenda sokoni bila mimi. Mwalimu alikuwa ametuonya tusiguseguse. Niligusa. Nikaanza kutembea nimeuvuta mguu wa kulia upande, taratibu, kama mtu aliyepanda ng'ombe siku nzima. Nikikaa, nilikaa kwa awamu. Na kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa kazini, nikaanza kusalimia watu kwa mkono wa kushoto.

Mjini huenda ungesamehewa. Baba mkwe wa binti yangu alikuja kutoka Mkula, mzee wa watu, kasafiri asubuhi yote. Nikampa kushoto. Aliutazama ule mkono wangu kama mtu aliyeletewa ugali kwenye kiatu, akausalimia kwa macho, akakaa. Alipoondoka mke wangu aliniuliza kama nina mpango wa kumrudisha binti yetu nyumbani.

Jirani yetu wa ng'ambo ya ua wa minyaa alikuwa anayaona yote. Ni mama mtu mzima, mjane, amezaa saba na kuwakuza wote, na haamini kama kuna kitu mwilini mwa binadamu ambacho hajakutana nacho. Mimi namwita mayu, kwa heshima, kama tunavyowaita mama zetu. Yeye ananiita Ngosha, yaani mwanaume, kwa namna ambayo nina shaka nayo. Asubuhi moja, baada ya kuitikiana mwangaluka, salamu yetu ya Kisukuma, alisimama upande wake wa minyaa akanitazama chini, kule nilikokuwa napapasa.

"Ngosha, imeanza lini?"

"Nini, mayu?"

"Ngiri. Usinifiche. Marehemu mume wangu alitembea hivyo hivyo mwaka mzima akisema ni goti."

Hapo nilikuwa na njia mbili. Kumwambia mayu kwamba nina bastola, yaani kuiambia Bariadi yote na sehemu ya Maswa. Au kuwa na ngiri. Nikatazama chini kwa aibu ya mgonjwa. "Mwaka huu, mayu."

Jioni ile ile akaleta kidumu cha lita tano cha mizizi iliyochemshwa, rangi ya maji ya betri. Hakukiacha akaondoka, alisimama mpaka nikamaliza kikombe. Ule uchungu ulipanda mpaka masikioni. Mke wangu, aliyejua kila kitu, alikuwa nyuma yake mlangoni, amejifunika mdomo kwa khanga, mabega yanamcheza.

"Muongeze na cha pili," akamwambia mayu. "Ana mwili mkubwa."

Wiki ziliendelea hivyo. Mayu akiniona juu ya minyaa ananiuliza, "Imeshuka?" Namjibu inashuka, na kikombe kinafuata. Wateja dukani walinipa viti. Mwanamume mmoja niliyesoma naye alinivuta pembeni, akaniambia kwamba hospitali wanaikata siku hizi na unarudi nyumbani siku ya pili, nisiogope. Nilifarijika. Mtaa mzima ulikuwa unaitazama bastola yangu na hakuna hata mmoja aliyeiona. Mwalimu wangu angejivunia, kama asingejua habari ya tundu. Wala ya matobolwa, maana hayo sikuwa nimeyahamisha. Miaka yote yamekaa mfuko wa kulia, na mkono wangu uliyatupa humo asubuhi bila kuniomba ruhusa.

Jumamosi moja mchana binti yangu akaja na mjukuu. Mke wangu akampokea binti yake, wakaingia jikoni. Mimi nilikuwa kibarazani kwenye kigoda, nimemaliza kukaa kwa awamu zangu. Mjukuu akapiga magoti, akaamkia. Nikamwitikia, "Marahaba, mchumba," maana ndiyo utani wetu, na bibi yake huwa anajifanya kuona wivu. Akasogea, akasimama katikati ya magoti yangu, na mkono ukaingia.

Niliusikia ukishuka. Mkono wa mtoto una joto. Ulipita juu ya ngozi ya ala, ukapapasa, ukasimama pale pembeni.

"Babu, limekwama."

"Nini limekwama?"

"Tobolwa. Limeingia kwenye kitundu."

Kipande kilikuwa kimepita kwenye lile tundu la fundi, na mimi kwa kukaa na kuinuka nimekisukuma mpaka kikajikaza penye triga. Na nilikuwa nimekaa. Ukiwa umesimama, mdomo wa bastola ya mfukoni unatazama ardhi. Ukikaa, unatazama mbele, huko paja linakoelekea. Na huko paja langu lilikokuwa linaelekea ndiko tumbo lake lilikokuwa.

"Liache hilo, mchumba."

"Nalivuta, babu."

"Limeoza."

"Halijaoza." Akavuta. Niliisikia ala ikipanda kidogo pamoja na mkono wake.

Sikuweza kumshika kwa nguvu, angeshtuka na kung'ang'ana. Sikuweza kuinuka, maana kuinuka ndiko kulikokikaza. Nikauweka mkono wangu juu ya wake, nje ya kitambaa, polepole, nikamwambia, "Bibi yako amekaanga karanga."

Vidole vikatulia. "Za chumvi?"

"Za chumvi."

"Uongo."

"Nenda kamuulize. Wahi, mama yako atazimaliza."

Alilipima hilo. Sijawahi kungoja uamuzi wa mtu yeyote, hakimu wala daktari, kama nilivyongoja wa yule mtoto. Kidole kimoja kikaachia, kikafuata kingine, mkono ukatoka mtupu, akakimbia. Karanga hazikuwepo. Nilimsikia jikoni akibishana na bibi yake kwamba babu kasema zipo.

Niliinuka kama mtu anayenyanyua beseni la maziwa yaliyojaa hadi ukingoni. Nikaenda nyuma ya stoo, penye rundo la mchanga wa ujenzi ambao kila mwaka nasema nitautumia. Huko nikafungua mkanda, nikaivua suruali yote kwa uangalifu, nikailaza mchangani, mfuko ukielekea ndani ya rundo. Nikabaki na shati na bukta, nimeikodolea macho suruali yangu mwenyewe.

"Ngosha, imepasuka?"

Mayu alikuwa amechungulia juu ya minyaa, kikapu mkononi.

"Mayu, nakuomba uingie ndani kwako."

"Nilikwambia usiiache dawa. Lala chali, inua miguu, nimwite mkeo."

"Mayu, ingia ndani, ukae nyuma ya ukuta. Tafadhali."

"Wewe una nini cha kunificha mimi? Nimezaa saba."

Nikaichomoa ala na bastola vikiwa pamoja, mdomo ukitazama mchanga. Hapo mayu akazama nyuma ya minyaa, yeye na kikapu chake. Nikatoa magazini ya risasi, nikaivuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, risasi iliyokuwa tayari ikaruka ikaangukia mchangani. Nikaangalia, nikaangalia tena, nikapitisha kidole humo kuhakikisha ni tupu. Ndipo nikakishika kile kipande cha tobolwa pale tunduni, nikakivuta kama mjukuu wangu alivyokuwa anakivuta. Sikuongeza nguvu.

Kikaja. Na triga ikaja nacho. Ikalia "tak", mlio mkavu, mdogo, kama mtu anayevunja kijiti.

Nikakaa mchangani na bukta yangu. Jikoni mtoto alikuwa bado anadai karanga.

Mke wangu alipojua, hakupiga kelele. Alimfungia mjukuu karanga za kununua, akawasindikiza yeye na mama yake mpaka kituoni. Aliporudi alisimama uani akawatazama kuku wake wakiingia bandani, akiwahesabu kwa kidole. "Wote wapo," akaniambia. "Kazi nzuri."

Jumatatu nilikwenda kwa fundi viatu, nikamwambia ukweli wote na kumwomba alizibe lile tundu. Aliipapasa ngozi aliyoikata kwa mkono wake. "Baba, ungesema," akasema. "Mimi ningekataa kuacha tundu hata kwa kutishiwa jela." Hakuliziba. Alitengeneza nyingine upya, akaikata ile ya kwanza vipande vipande mbele yangu kwa kisu cha soli. Mwalimu wangu nilimpigia simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza matobolwa ni nini, nikamweleza, akasema wanafunzi wa mkoa wetu wa Simiyu atawaongezea neno hilo baada ya ugoro.

Siku hizi bastola inakaa kwenye kisanduku cha chuma kilichopigwa misumari ukutani, ufunguo ninao mimi. Inatoka siku ya Malampaka tu, inavalishwa ala mezani, inaingia mfuko wa kulia peke yake kama bwana mkubwa, na nikirudi naiondoa kabla sijamwamkia mtu. Suruali ya safari ni ya safari. Ya nyumbani ni nyingine, na mfuko wake wa kulia una matobolwa, kwa sababu mtoto wa miaka minne huwezi kumhamishia ghala. Wa kuhama alikuwa ni mimi.

Mayu alipita juzi kuchukua kidumu chake. Nilikuwa kibarazani, nimekaa kwa mara moja, bila awamu, na nilimpa mkono wa kulia. Alikitikisa kidumu, akasikia dawa iliyobaki ikicheza ndani. Nikaona afadhali nimwombe radhi kwa kumdanganya, na kwa vikombe vyote vile alivyonichemshia. Nikaeleza, nikazungusha maneno, nikataja sheria, siri na usalama. Aliningoja nimalize, akakiweka kidumu kichwani.

"Sisi tulidhani ni ngiri," akasema. "Na afadhali ingekuwa ngiri, Ngosha. Hiyo ingekuua wewe peke yako."